Mgongo Uliomchelewesha Keji

Wasichana wangu, juzi mliponipigia simu kuniuliza mtoto anayekataa kubebwa anatulizwaje, niliwaambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikuwa nimechoka, na swali lenyewe lina jibu refu ambalo sikutaka kulitoa nikiwa nimesimama jikoni na ugali motoni. Leo nimekaa, mgongo nimeuegemeza ukutani, naandika. Mkichoka kusoma, pumzikeni. Hata mimi nitapumzika hapa na pale.

Ninyi mlipokuja kujifunza kazi kwangu mlinikuta tayari nikiitwa Anti Skola, mwanamke wa Busia anayechunga watoto wa wauzaji pale soko la Konyo Konyo, Juba. Lakini sikwenda Juba kuchunga watoto. Nilikwenda miaka ile baada ya mkataba wa amani, malori yakipanda kutoka Uganda kila siku yamejaa saruji, soda na watu kama mimi, kila mmoja akiwa na hakika kwamba Juba inamsubiri yeye. Nilikuwa na sufuria mbili na nia ya kuuza chakula. Mapishi yangu hayakupendwa. Sitaki kulizungumzia hilo.

Aliyeniokoa, kama kutukanwa kila siku ni kuokolewa, alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Malakia aliyeitwa Rejina. Soko zima lilimwita Haboba, yaani bibi. Alikuwa na rakuba nyuma ya safu ya wauza vitunguu, kile kibanda cha nguzo na paa la nyasi kisicho na kuta, na chini yake aliuza chai huku akitazama watoto wa wanawake waliokuwa mbele wakiuza. Vita vya kwanza vilimkimbiza Uganda akiwa msichana, akarudi na Kiswahili alichokiokota huko, nacho alikichanganya na Kiarabu cha Juba bila kumwomba mtu ruhusa. Siku moja nilikuwa nimekaa hapo na sufuria zangu, sina mteja, akanitupia mtoto aliyekuwa akilia tangu asubuhi. Mtoto akanyamaza. Haboba akaweka ugoro mdomoni, akanitazama juu mpaka chini.

"Kalas," akasema, yaani basi, imekwisha. "Wewe nabaki hapa. Kupika hapana."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Alinifundisha mengi, na nusu yake haikuwa kweli. Aliamini mtoto akijiona kwenye kioo meno yake yatachelewa, na alinifukuza siku nzima kwa sababu nilikuwa na kioo kwenye pochi. Lakini shimo alilijua. Mtoto wa miezi mitano huchimbiwa shimo dogo mchangani, kina cha kiganja tu, likatandikwa leso iliyokunjwa mara nne, mtoto akaketishwa humo makalio yakizama kidogo. Mchanga unamshika kiunoni. Siku za kwanza anayumba kama mlevi, lakini haanguki. Kila baada ya siku chache unalipunguza kina kidogo, na siku moja unamkuta ameketi kwenye ardhi tupu, wala hukumbuki shimo lilikwisha lini. Najua sasa mna viti vya plastiki vyenye mikanda na picha za dubu. Ni vizuri, vinaosheka. Ila kiti hakipungui kina, na mtoto anaweza kukaa humo mpaka akasahau kwamba ana mgongo wake mwenyewe.

Akianza kutambaa, shimo halina kazi tena na balaa ndiyo inaanza. Sokoni kuna majiko ya makaa, visu, mikokoteni na mbwa. Tuliwafunga leso kiunoni, ncha ya pili tukaifunga kwenye nguzo. Siku hizi mnaona haya kusema mtoto amefungwa. Mimi sioni haya. Kanuni ilikuwa moja: leso isifike jikoni.

Siku moja nguzo zote zilikuwa zimejaa, nikamfunga mtoto wa muuza sabuni kwenye gunia la vitunguu la jirani. Gunia lilikuwa kubwa kweli, nikajiambia hata akiitwa kwa sukari hawezi kulivuta. Sikukumbuka kwamba gunia la sokoni liko pale ili liuzwe. Wachukuzi wawili wakaja, wakalinyanyua, wakageuka kwenda zao, leso ikanyooka, na mtoto akapaa taratibu kutoka chini, mikono na miguu ikiogelea hewani. Hakulia. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Aliyelia ni mimi, nikikimbia nyuma ya gunia. Haboba hakuinuka hata kwenye kiti chake.

"Ya Skola," akaniita, "hata jena wewe nauza?" Jena ni mtoto, kwa lugha ya pale. Kwa mwaka mzima wauza vitunguu waliniuliza kilo ya watoto ni bei gani.

Sasa nifike kwenye swali lenu. Mtoto anayekataa kubebwa hana ugonjwa. Kuna kipindi, tangu mwezi wa tisa hivi hadi akishatimiza mwaka na kitu, mtoto anapoanza kujidai mwenyewe. Anakunyang'anya kijiko, hata kama hajui kukifikisha mdomoni. Anataka kukulisha wewe, na lazima ufungue kinywa, hata kama kijiko kimetoka mchangani. Anatupa kikombe ili aone ni nani atakayekiokota, kisha anakitupa tena kwa sababu umeokota vizuri. Ukitaka kumfuta kamasi anageuza uso. Ukimbeba anajinyoosha gogo mikononi mwako. Halafu anaanza kuondoka. Anatambaa hatua mbili, anageuka kutazama kama upo. Kesho anatambaa tano, anageuka. Siku moja anaondoka bila kugeuka.

Siku hiyo ya kutogeuka inauma, msidanganyane. Nimeiona kwa watoto wengi wa watu, hakuna hata mmoja niliyemzaa mimi, na kila mara iliniuma. Kazi yetu siku hiyo ni kubaki pale pale alipotuacha, ili akitaka kurudi atukute. Inachosha kuliko kubeba. Haboba aliniambia hivyo mapema kabisa, nami nikadhani anatetea uvivu wake. Nilikuja kumwelewa kwa Keji.

Ngoja ninyooshe mgongo kidogo.

Keji alikuwa binti wa Jackline. Jackline mwenyewe alikuwa msichana wa kwao Kajo-Keji aliyekulia Uganda ukimbizini, akarudi amani ilipokuja, akiongea Kiswahili cha huko. Kazi yake ilikuwa mtoni. Alipakia vitunguu, sabuni na mafuta ya kupikia pale bandarini, kwenye matishari, vile vyombo bapa vya chuma vinavyosukumwa na boti, akashuka navyo kwa mto Nile hadi Malakal, akarudi na samaki wakavu. Keji alipokuwa wa kunyonya na kulala walisafiri pamoja. Baba? Baba alikuwa na nyumba nyingine Yei, tumwache huko huko.

Tishari halina kingo. Mtoto wa kubebwa unaweza kwenda naye, lakini mtoto anayetambaa, ukisinzia kidogo tu, mto umemchukua. Ndiyo maana asubuhi moja Jackline alikuja rakuba, Keji kiunoni, mtoto wa miezi kumi mwenye paji pana na meno mawili ya chini.

"Anti," akaniambia, "hii toto sasa natembea na magoti. Kwa meli mimi siwezi na yeye. Abaki na wewe."

"Siku ngapi?"

"Wiki mbili. Ikizidi sana, tatu."

Kisha akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa njuga mbili ndogo za chuma, zile za kufungwa miguuni, zimesuguliwa na miaka mpaka zimeng'aa.

"Hii ya jaja, bibi yangu. Kwetu, siku toto nataka tembea, mama mwenyewe nafunga njuga kwa mguu. Mimi nitafunga. Wewe weka tu."

"Na akitembea kabla hujarudi?"

"Hapana acha yeye."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaketi kwenye kiti cha Haboba, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya, akanisimulia habari ya mwanawe wa kwanza. Alimwachia mama yake kule kambini akiwa na umri kama wa Keji, akaenda Kampala kuosha vyombo hotelini. Aliporudi, mtoto alikuwa tayari anakimbia.

"Mimi nafungua mkono, hivi," akasema, akaifungua mikono yake. "Yeye nakuja mbio, mimi nasema, ananijua. Alinipita, Anti. Alinipita kama mti, akaenda shika nguo ya mama yangu. Mpaka leo naniita Jackline." Akaifunga mikono. "Huyu hapana. Huyu asinipite."

Nikamwahidi. Nikamwambia nenda, utamkuta hajatembea, utamfungia njuga wewe mwenyewe. Ninyi leo mngemrekodi mtoto kwa simu, mkamtumia mama yake akaona huko huko aliko. Sisi hatukuwa na hayo, na mtoni hata simu ya kawaida haikushika. Na mngeuona uso wake mngeahidi pia. Lakini nawaambia ukweli, niliahidi kitu ambacho hakikuwa changu, maana miguu ilikuwa ya Keji.

Wiki ya kwanza haikuwa na taabu. Keji alitambaa, akala kwa mikono yote miwili, na sahani ikiwa tupu alifungua viganja akasema, "Mafi!" Ndilo neno lake la kwanza, mafi, hakuna, imekwisha, alilolisikia sokoni kutwa nzima. Alilisema kwa furaha, kana kwamba kwisha kwa uji ni kazi aliyoifanya yeye.

Wiki ya pili, asubuhi, nilikuwa namwogesha mwingine nikamwona ameshika nguzo, amesimama dede. Miguu inatetemeka, mdomo wazi. Kisha akaachia mkono mmoja. Nilijawa na furaha, nusura nipige kigelegele, kisha nikamkumbuka Jackline na viganja vyake wazi. Nikamnyakua Keji kabla hajaachia mkono wa pili. Nikamtia mgongoni, nikakaza leso.

Baada ya hapo ikawa ndiyo kawaida. Kila akishika nguzo, nampandisha mgongoni. Kisha nikaacha kungoja ashike nguzo, nikawa nambeba tangu asubuhi mpaka mama za watoto wanapofunga meza. Nilifua nepi naye mgongoni, nikachimba mashimo naye, nikainama juu ya watoto wengine kumi naye, na mtoto wa umri ule si mwepesi, anajua kujiongezea uzito akikasirika. Mwanzoni alipigana nami. Alijinyoosha, alinivuta nywele, aliniuma bega mpaka nikabaki na alama ya meno mawili. Mgongo huu unaonizuia kuinuka leo ulianzia pale, ingawa daktari ana maelezo yake.

Wiki tatu zikapita. Nikaenda bandarini, Keji mgongoni, wanaume wa pale wakaniambia mto umepungua.

"Meli iko kwa mchanga," mmoja akasema. "Wanangoja maji."

"Mpaka lini?"

"Uliza maji."

Nilirudi wiki ya nne, nikarudi ya tano. Jibu lilikuwa lile lile, nami nikaacha kuuliza. Na katika siku hizo hizo Keji akaacha kupigana. Asubuhi moja nilipomwinamia alipanda mwenyewe, akalaza shavu kati ya mabega yangu, akatulia. Nguzo hakuitazama tena. Nilifurahi sana. Nilijisifu hata mbele ya Haboba.

"Unaona? Ameshazoea."

Haboba alikuwa akisafisha birika. Akaliweka chini.

"Ya Skola, jena hii iko na mguu ama mafi?"

"Ana miguu, Haboba."

"Sasa kwa nini nafunga yeye kama gunia?"

"Mama yake ndiye aliyetaka. Nilimwahidi mama yake."

"Mama iko wapi? Mama iko kwa mto. Mguu iko hapa."

Nikamjibu vibaya, jambo ambalo sitaliandika. Hatukusemeshana kwa siku mbili, na si rahisi kutosemeshana na mtu mnayechangia naye birika moja. Niliona ananionea wivu. Keji alikuwa hataki mtu mwingine ila mimi, akilia hata Haboba akimshika ili mimi niende msalani. Ndiyo, nilipenda hilo. Sikuwa na mtoto, wasichana, na mtoto wa mtu alikuwa amelaza shavu mgongoni mwangu kwa hiari yake. Miaka hii yote nimesema nilifanya vile kwa ajili ya ahadi. Sehemu yake ilikuwa ahadi.

Jackline alirudi wiki ya saba. Alikuja moja kwa moja kutoka bandarini, ananuka samaki, midomo imepasuka kwa jua, amekonda. Hakuuliza habari za soko wala za mtu.

"Bado?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Akalia papo hapo, akishukuru Mungu, akinishukuru mimi. Akanawa mikono kwa maji ya chai ya Haboba. Nilimshusha Keji, nikampa mama yake njuga. Alizifunga mwenyewe, moja mguu huu, moja mguu ule, akarudia fundo mara mbili. Wauza vitunguu wakaacha meza zao wakaja kusimama pembeni. Jackline akamsimamisha Keji mchangani, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga magoti, akafungua mikono.

"Dede, Keji! Dede! Kuja kwa mama!"

Magoti ya Keji yakakunjika, akaketi. Mama yake akamsimamisha tena, akaketi tena. Safari ya tatu hakuketi tu. Akageuka, akaanza kutambaa, njuga zikiburuzika mchangani bila mlio wa maana, akaja mpaka nilipokuwa nimechuchumaa. Akazunguka nyuma yangu. Akapanda mgongoni, akafungua mikono, akalaza shavu, akangoja nifunge leso.

Jackline akaishusha mikono yake taratibu.

"Huyu pia," akasema. "Hata bila tembea, amenipita."

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia wewe ndiye uliyesema, nikamkumbusha siku na mahali alipokaa, nikamwonyesha alama ya meno begani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema ngoja na mimi," akaniambia. "Sikusema funga yeye."

Nimetafuta jibu miaka hii yote, nikiwa nafua, nikiwa kanisani, na sijalipata.

Haboba ndiye aliyeamua, wala hakumwuliza mtu. Alinyoosha kidole upande wa pili wa safu, kwenye magunia ya makopa, ile mihogo mikavu.

"Skola, chukua birika, uza chai kule. Uso tazama kule. Mgongo yako ikiwa hapa, jena hapana tembea." Kisha akamgeukia Jackline. "Na wewe, kaa."

Tishari jingine lilikuwa linapakia wiki ile ile. Wenzake Jackline walikuja kumwita mara mbili, wakaondoka bila yeye. Alikaa mahali pangu, akachunga watoto kumi na mmoja vibaya kabisa. Aliunguza uji kila siku. Mchana mmoja alipiga mayowe soko zima kwamba mtoto wa muuza nyanya amepotea, na mtoto alikuwa amelala kwenye beseni mbele yake. Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka pale, nimewapa kisogo, namimina chai. Mgongo ulikuwa mwepesi mpaka nikawa sijui niuweke wapi.

Nilisikia habari Haboba alipokuja kuchukua maji. Siku ya kwanza Keji alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili alikuta leso yangu iliyosahauliwa kwenye nguzo.

"Nashika leso," Haboba akaniambia, "nafungua mkono, nasema, mafi."

Nikainuka.

"Kaa," akasema, na nikakaa.

Kilichofanyika kule sikukiona, nilielezwa. Haboba alimwambia Jackline achimbe shimo, lakini la kusimama, si la kukaa. Kina cha magoti ya mtoto. Wakamsimamisha Keji humo, wakashindilia mchanga pande zote, naye akajikuta amesimama bila kushikwa na mtu, mbele yake mama yake na kikombe cha uji. Njuga zilikuwa chini ya mchanga, kimya. Kesho yake shimo likapunguzwa. Kesho kutwa likapunguzwa tena, mchanga ukaishia nusu ya miundi. Nilijua hayo, kwa hiyo nilijua pia ninachokisikiliza. Siku ambayo miguu ingetoka mchangani, njuga zingesikika.

Siku nne, sikusikia kitu ila soko.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa nammiminia chai dereva mmoja wa Kiganda. Mlio mmoja, mdogo. Kisha kimya.

"Mama," dereva akasema, "chai namwagika."

Nikaacha kumimina. Mlio wa pili ukaja, kisha wa tatu na wa nne ikifuatana, kisha kishindo kidogo cha makalio mchangani na kicheko cha wanawake. Sauti ya Jackline ikapanda juu ya zote, "Dede! Dede, mama yangu!" Njuga zikaanza tena. Wasichana, nimekuwa nikiona watoto wakitembea kwa mara ya kwanza tangu niingie kazi ile, nimeona wengi mpaka nikawa sisimami tena kutazama. Huyu mmoja nilitaka kumwona kwa moyo wangu wote, na sikugeuka. Niliinama kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

Mlio ukasogea. Ukapita safu ya vitunguu, ukasimama, ukaja. Nilikuwa nimechuchumaa, macho kwenye jiko, nikausikia nyuma yangu kabisa. Kisha mkono. Kiganja kidogo chenye uji, katikati ya mabega yangu.

Mwili wangu ulijua la kufanya kabla sijafikiri. Nilikuwa nimeshainama, mikono imeshakwenda nyuma. Nikaizuia. Nikajiambia akipanda, basi, kazi ya siku tano imekwisha, na Jackline hatanisamehe, na itakuwa haki. Kiganja kikabonyeza. Nilimsikia anahema. Alikuwa ameniegemea tu ili asianguke, kama alivyokuwa akiegemea nguzo zamani kabla sijamharibu. Kisha kiganja kikaondoka, na njuga zikapita upande wangu wa kulia. Nikaiona miguu yake, mifupi, imejaa mchanga mpaka magotini, ikienda kumfuata kuku wa mtu. Hakugeuka.

Jackline alikuwa nyuma yake hatua tatu, mikono wazi, analia na kucheka. Aliponifikia alisimama. Nilidhani atasema neno la ushindi, na alikuwa na haki nalo. Akaniwekea mkono begani, pale pale penye alama ya meno.

"Amekupita, Anti," akasema. "Pole."

Kisha akamkimbilia mwanawe. Jina la Keji lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza.

Kule rakuba watoto kumi walikuwa wameachiwa Haboba peke yake, na mmoja wao alikuwa ameanza kulia.

"Ya Skola!" Haboba akapiga kelele. "Jena nalia huku! Nangoja nani?"

Nikafuta mikono, nikaenda.